Sauti na picha: Jinsi mawasiliano ya kielektroniki yanavyorejeshewa uhai

NENO ‘umefika’ lina herufi 7 tu, lakini likitumwa kwa simu bila alama yoyote ya uakifishaji, huenda likamtatiza hata mpokeaji aliye makini. Huenda ni mama anayetaka kujua iwapo mwanawe amewasili Mombasa salama. Huenda ni karani anayemwarifu mteja kwamba mzigo wake umetua. Tena huenda ni mwajiri anayemsuta mfanyakazi aliyechelewa kazini kwa saa mbili.

Watu wakizungumza ana kwa ana, utata huu haupo. Sauti hupanda, hushuka, hukazwa au hulegezwa, na maana hubainika papo hapo. Uso nao hutabasamu au hukunjamana. Ni mambo haya mawili, sauti na sura, ambayo maandishi ya kielektroniki yaliyapoteza tangu siku za telegrafu, na ambayo wahandisi wamekuwa wakijaribu kuyarejesha kwa zaidi ya karne moja.

Makala haya yanaeleza jinsi sauti na picha zilivyoingizwa katika baruapepe na simu za mkononi, jinsi zinavyofanya kazi, zinamfaa nani zaidi, na kwa nini nyenzo hizi zinahitaji uangalifu kuliko maandishi.

NENO LISILO NA SAUTI

Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo hutegemea sana kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, katika kutofautisha swali na taarifa. Sentensi ‘baba amerudi’ haibadiliki hata neno moja inapogeuzwa kuwa swali. Kinachobadilika ni sauti. Mwandishi anaweza kuongeza ‘je’ au alama ya kuuliza, lakini mtu anayeandika kwa haraka akiwa ndani ya matatu aghalabu hafanyi hivyo.

Shadda nayo, yaani mkazo unaowekwa kwenye silabi, hupotea katika maandishi. Kila mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa kwamba ‘barabara’ yenye mkazo katika silabi ya tatu ni njia ya kupitia magari, ilhali yenye mkazo katika silabi ya pili humaanisha sawasawa. Katika maandishi, maneno hayo mawili ni pacha wasioweza kutenganishwa ila kwa muktadha.

Zipo pia sauti ambazo ni vigumu kuziandika lakini hubeba maana nzito. Kufyonya, kuguna, kushusha pumzi au kuitikia ‘ehe’ ili kumpa moyo msimulizi ni sehemu ya mazungumzo ya kila siku katika Afrika Mashariki. Neno ‘haya’ linaweza kuwa kukubali kwa furaha, kukubali shingo upande, au njia ya heshima ya kumwambia mtu aende zake. Likiandikwa peke yake kwenye simu, msomaji hulijaza hisia alizo nazo yeye, wala si za aliyeliandika.

Jambo hili limefanyiwa utafiti. Mwaka 2005, wanasaikolojia Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao wawili walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa nchini Marekani. Washiriki walitakiwa kuwasilisha kauli kadhaa kwa wenzao, nyingine zikiwa za kweli na nyingine za kejeli, kwa baruapepe au kwa sauti. Kabla ya matokeo kujulikana, watumaji walitarajia kueleweka katika takriban asilimia 78 ya kauli zao, iwe wametumia maandishi au sauti. Waliotumia sauti walieleweka kwa asilimia 73. Waliotumia baruapepe walieleweka kwa asilimia 56 tu, kiwango kinachozidi kidogo tu kile cha mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu.

Funzo la utafiti huo ni kwamba mwandishi husikia sauti yake mwenyewe kichwani anapoandika, na hivyo hudhani msomaji ataisikia pia.

Hata hivyo, ni vyema kusahihisha dai moja ambalo hurudiwa sana katika semina na vitabu vya biashara, kwamba asilimia 7 pekee ya mawasiliano hutokana na maneno, 38 hutokana na sauti na 55 hutokana na uso. Takwimu hizo zilitokana na majaribio ya Albert Mehrabian mwaka 1967, na zilihusu hali mahsusi ambapo mtu anaeleza anachopenda au asichopenda, huku maneno yake yakipingana na sauti au uso wake. Mehrabian mwenyewe alionya kwamba hazifai kutumiwa kwa mawasiliano yote. Hakuna anayeweza kueleza njia ya kwenda hospitalini kwa kukunja uso pekee.

KUTOKA TELEGRAFU HADI ARAFA

Upungufu huu haukuanza na simu za mkononi. Mei 24, 1844, Samuel Morse alituma ujumbe wa telegrafu kutoka Washington hadi Baltimore nchini Marekani. Mwaka 1879, waya wa telegrafu uliotandazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar na kuendelea hadi Msumbiji na Afrika Kusini. Habari zilizokuwa zikichukua majuma kadhaa kwa meli sasa zilifika kwa muda mfupi sana.

Lakini telegrafu ilitozwa kwa idadi ya maneno. Kila neno lilikuwa fedha, na la kwanza kukatwa lilikuwa salamu. Katika jamii ambamo mtu huulizwa hali yake, ya watu wa nyumbani na ya kazi kabla ya kuambiwa lililomleta mgeni, simu ya maandishi iliyosema ‘baba mgonjwa njoo’ ilibeba habari yote bila kubeba utu wowote.

Simu ya sauti, iliyofanikiwa Machi 10, 1876 katika majaribio ya Alexander Graham Bell mjini Boston, ilirejesha sauti, ila kwa masharti. Ilihitaji waya, na ilihitaji watu wote wawili wawepo kwa wakati mmoja. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, familia nyingi nchini Kenya hazikuwa na simu nyumbani.

Watu hawakukaa kimya wakingoja. Wasikilizaji wa redio walijaza kadi za salamu ili mtangazaji awasomee jamaa na marafiki majina yao hewani. Baada ya kampuni ya Philips kuzindua kanda ndogo ya kaseti mwaka 1963, familia zilizotawanyika, hasa za Wasomali waliohamia ng’ambo, zilianza kurekodi barua nzima kwa sauti na kuzituma kwa mkono wa msafiri. Kanda hizo zilibeba mashairi, vilio vya watoto na minong’ono ya wazee. Ujumbe wa sauti wa leo ni mjukuu wa kanda hiyo.

Teknolojia mpya zilipokuja, zilianza tena kwa maandishi. Mwaka 1971, Ray Tomlinson alituma baruapepe ya kwanza kati ya tarakilishi mbili katika mtandao wa ARPANET nchini Marekani. Mwaka 1985, mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand, baada ya kuandika sentensi za kawaida kwa taipureta na kuzihesabu herufi, alifikia uamuzi kwamba nafasi 160 zingetosha kwa ujumbe mfupi wa simu. Desemba 3, 1992, Neil Papworth alituma arafa ya kwanza nchini Uingereza, ikiwa salamu za Krismasi.

Arafa ilipoenea nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipendwa kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko kupiga simu. Kama ilivyokuwa kwa telegrafu, bei na nafasi finyu ziliwafanya watu wafupishe maneno na kuacha salamu.

ALAMA ZA USO

Jaribio la kwanza la kuziba pengo hilo halikutumia sauti wala picha halisi, bali alama za uakifishaji. Septemba 19, 1982, Scott Fahlman, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, alipendekeza kwamba nukta mbili, kistari na mabano vitumiwe pamoja kuunda uso wenye tabasamu. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Wenzake walikuwa wakiandikiana mizaha kwenye tarakilishi na baadhi ya wasomaji wakaichukulia kwa uzito.

Mwaka 1999, msanifu Mjapani Shigetaka Kurita aliichorea kampuni ya simu ya NTT DoCoMo picha ndogo 176. Kila picha ilitoshea katika mraba wenye nukta 12 kwa 12. Hizo ndizo zilizofanya emoji zijulikane nchini Japani, ingawa kampuni nyingine nchini humo ilikuwa imeanza kutoa alama kama hizo mwaka 1997. Mwaka 2010, shirika la Unicode, linalosimamia viwango vya herufi katika tarakilishi zote, liliziingiza rasmi mamia ya emoji katika orodha yake, na mwaka 2015 likaongeza uwezo wa kuchagua rangi ya ngozi. Mwaka 2016, jumba la sanaa ya kisasa la MoMA mjini New York lilizihifadhi picha za Kurita pamoja na kazi za wachoraji mashuhuri.

Emoji zimesaidia, lakini hazijamaliza utata. Kila kampuni huzichora kwa namna yake, kwa hivyo uso unaotumwa haufanani kabisa na unaopokewa. Mikono miwili iliyounganishwa ni dua kwa wengine na ni shukrani kwa wengine. Tena, mtu anaweza kutuma uso unaocheka machozi huku yeye mwenyewe amenuna.

BARUAPEPE YAPATA SAUTI NA PICHA

Hatua kubwa ilipigwa mwaka 1992. Hadi wakati huo, baruapepe ya kawaida katika intaneti ilikuwa imekusudiwa kubeba herufi za Kiingereza pekee. Nathaniel Borenstein na Ned Freed walibuni utaratibu unaojulikana kama MIME, ambao huiambia tarakilishi inayopokea kwamba sehemu fulani ya ujumbe ni maandishi, sehemu nyingine ni picha na nyingine ni sauti.

Mnamo Machi 11, 1992, Borenstein alituma ujumbe uliokuwa na picha ya kundi lake la waimbaji wanne pamoja na sauti zao wakiimba. Aliwahi kueleza kwamba watu walipomwuliza ni nani angehitaji kutuma picha kwa baruapepe, aliwajibu kwamba siku moja angekuwa na wajukuu na angependa kutumiwa picha zao. Utaratibu huo ungali unatumika hadi leo kila mtu anapoambatisha picha au waraka kwenye baruapepe. Huo huo ndio ulioruhusu herufi za Kiarabu, Kichina na nyinginezo kusafiri bila kuharibika.

SAUTI INAVYOGEUZWA TARAKIMU

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kipaza sauti hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, kisha chombo ndani ya simu huupima umeme huo mara nyingi kila sekunde na kuandika tarakimu kwa kila kipimo. Katika simu za kawaida za dijitali, vipimo hivyo huchukuliwa mara 8,000 kwa sekunde.

Mfumo huo wa kawaida hupitisha mitikisiko ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde pekee, ilhali sikio la kijana mwenye afya laweza kusikia kuanzia 20 hadi takriban 20,000. Ndiyo sababu ni rahisi kuchanganya ‘futa’ na ‘suta’ kwenye simu ya zamani, kwani tofauti ya ‘f’ na ‘s’ imo katika mitikisiko ya juu iliyokatwa. Teknolojia za baadaye zimepanua mlango huo, na hivyo sauti husikika kana kwamba msemaji yuko chumbani.

Baada ya kupimwa, sauti hubanwa. Programu huchambua namna koo na mdomo wa binadamu unavyotoa sauti, kisha hutuma maelezo muhimu pekee. Mfumo wa kubana sauti uitwao Opus, uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2012, unaweza kubeba maneno kwa ubora wa kuridhisha kwa kutumia biti 16,000 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo, dakika moja ya sauti ni baiti 120,000. Arafa moja kamili ni baiti 140. Yaani, dakika moja ya sauti ina uzito wa arafa zipatazo 857.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini ujumbe wa sauti ulichelewa. Teknolojia ya kurekodi ilikuwepo, lakini njia ya kupitishia mzigo huo ilikuwa nyembamba na ghali. Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na ulimwengu hadi mwaka 2009, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa. Baada ya hapo njia ilipanuka.

Programu ya Skype, iliyozinduliwa Agosti 2003, iliwawezesha watu kupigiana simu kupitia tarakilishi bila kulipia dakika. Ilifungwa Mei 2025 baada ya wateja wengi kuhamia kwingine. WeChat ya Uchina iliingiza ujumbe wa sauti mwaka 2011, na WhatsApp ikafanya vivyo hivyo Agosti 2013. Kufikia Machi 2022, WhatsApp ilisema watumiaji wake walikuwa wakituma wastani wa jumbe bilioni 7 za sauti kila siku.

PICHA INAYOSEMA

Picha nazo zilifuata njia kama hiyo. Juni 11, 1997, Philippe Kahn, akiwa katika hospitali moja mjini Santa Cruz, California, aliunganisha kamera ya dijitali, tarakilishi ndogo na simu ya mkononi, kisha akawatumia jamaa na marafiki zaidi ya 2,000 picha ya bintiye aliyezaliwa muda mfupi uliopita. Novemba 2000, simu ya J-SH04 iliyoundwa na Sharp ilianza kuuzwa nchini Japani ikiwa na kamera ndani yake na uwezo wa kutuma picha. Kuanzia mwaka 2002, kampuni za simu za Ulaya zilianza kutoa huduma ya kutuma picha na sauti kutoka simu moja hadi nyingine.

Picha pia hubanwa. Picha yenye nukta milioni 12 ingehitaji baiti milioni 36 kama kila nukta ingeandikwa rangi zake zote. Utaratibu wa JPEG, uliokubaliwa mwaka 1992, hutupa tofauti ndogo za rangi ambazo jicho halizitambui na kupunguza mzigo huo hadi milioni chache tu. Picha ikisambazwa kutoka kundi moja hadi jingine na kubanwa upya kila mara, hupoteza maelezo na kufifia. Cheti au risiti inayotumwa kwa njia hiyo huenda isisomeke mwishoni.

Kwa wakazi wa Pwani, kuunganisha picha na maneno si jambo geni. Leso ina pindo, mji na jina, na mwanamke huchagua ile ambayo maneno yake yatamfikia mlengwa bila yeye kufungua kinywa. Picha hupamba, jina hulenga. Vivyo hivyo, picha inayotumwa kwa simu bila maelezo humwacha mpokeaji akikisia. Picha ya mtoto akiwa kitandani inaweza kuwa ya mtoto mgonjwa au ya mtoto aliyelala tu. Neno moja huondoa wasiwasi wa usiku mzima.

WALIOFUNGIWA NJE NA HERUFI

Manufaa makubwa zaidi ya sauti na picha huenda yamewaendea wale ambao maandishi yaliwafungia mlango. Kwa asiyejua kusoma, arafa ilikuwa kama barua isiyofunguka. Nyanya kijijini aliyetumiwa ujumbe na mjukuu wake alilazimika kumwita kijana wa jirani amsomee. Habari za ugonjwa, fedha au mgogoro wa shamba zilipitia masikio ya mtu wa tatu kabla ya kumfikia mwenyewe, na jibu lake likapitia kinywa cha huyo huyo.

Ujumbe wa sauti ulimwondoa mpatanishi huyo. Nyanya husikia sauti ya mjukuu wake, hujibu kwa lugha yake, na siri hubaki kati yao. Jambo hili lina uzito pia kwa waliosoma. Wakenya wengi huzungumza Kigiriama, Kikamba, Dholuo au lugha nyingine ya mama kwa ufasaha lakini hawajazoea kuiandika, kwa kuwa shuleni walifunzwa kuandika Kiswahili na Kiingereza. Kwa sauti, lugha hizo zimeingia katika mawasiliano ya kielektroniki bila kusubiri sarufi wala kamusi.

Kwa viziwi, picha zenye mwendo zilileta mapinduzi ya aina yake. Arafa iliwasaidia kuwasiliana bila kutegemea masikio, lakini iliwalazimu kutumia lugha ya maandishi, ambayo kwa wengi wao ni lugha ya pili. Kwa simu ya video, kiziwi huzungumza kwa lugha yake ya ishara. Katika lugha nyingi za ishara, nyusi zinazoinuliwa ndizo huashiria swali, kama vile kiimbo kinavyofanya katika Kiswahili. Katiba ya Kenya ya 2010 iliitambua Lugha ya Ishara ya Kenya na kuifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Vipofu nao hutumia programu zinazosoma maandishi ya simu kwa sauti. Hata hivyo, picha isiyo na maelezo huwa kwao ukuta mtupu. Anayetuma tangazo la mkutano au la mazishi kama picha pekee, bila kurudia maneno yake kwa maandishi, humwacha nje mtu asiyeona.

SAUTI YA KUGHUSHI NA PICHA YA KUUMIZA

Uwezo wa sauti na picha kugusa moyo ndio unaozifanya ziwe silaha hatari. Iliripotiwa kwamba mwaka 2019 mkuu wa kampuni moja ya kawi nchini Uingereza alituma Euro 220,000 baada ya kupigiwa simu na sauti iliyofanana na ya mkubwa wake nchini Ujerumani. Sauti hiyo ilikuwa imeundwa kwa tarakilishi. Mwaka 2023, watafiti wa Microsoft walieleza mfumo uitwao VALL-E unaoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikiliza sampuli ya sekunde 3. Mwaka uliofuata, polisi wa Hong Kong walifichua kwamba mfanyakazi wa kampuni moja alituma takriban dola milioni 200 za Hong Kong baada ya kushiriki mkutano wa video ambamo wenzake aliowaona walikuwa wameghushiwa.

Kwa hivyo, sauti ya mtoto anayelia akiomba fedha haitoshi tena kuwa ushahidi. Hatua ya busara ni kukata simu, kisha kupiga nambari ambayo familia imeizoea. Baadhi ya familia huchagua neno la siri ambalo halijawahi kuandikwa kwenye simu.

Picha nayo huumiza hata bila kughushiwa. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni, iliyopitishwa mwaka 2018, iliweka adhabu ya faini isiyozidi Sh200,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili, kwa anayesambaza picha za faragha za mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo ilianzisha afisi ya Kamishna wa Data. Mwaka 2023, afisi hiyo iliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila ruhusa yake.

Aidha, picha nyingi zinazopigwa kwa simu hubeba ndani yake tarehe na mahali zilipopigwa. Baadhi ya programu za mawasiliano huziondoa taarifa hizo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, lakini huziacha picha ikitumwa kama faili. Anayeuza bidhaa mtandaoni huenda akawaonyesha wageni mlango wa nyumba yake bila kujua.

KUCHAGUA CHOMBO KINACHOFAA

Kutokana na yaliyotangulia, haifai kusema kwamba sauti ni bora kuliko maandishi au kwamba picha hushinda zote. Kila chombo kina kazi yake.

Maandishi hufaa kwa mambo ambayo mpokeaji atayarejelea: nambari za simu, tarehe, bei, anwani na makubaliano. Ni rahisi kuyatafuta baadaye, na yanaweza kusomwa mkutanoni au garini bila kuwasumbua wengine. Anayetuma nambari ya akaunti kwa ujumbe wa sauti humlazimisha mwenzake kuusikiliza mara tatu akiwa na kalamu mkononi.

Sauti hufaa pale ambapo hisia ndizo habari. Pole kwa aliyefiwa, msamaha kwa aliyekosewa, pongezi kwa aliyefaulu na onyo kwa mtoto asiye na nia mbaya husikika vyema kwa sauti. Hata hivyo, mpokeaji hawezi kuipitia sauti kwa jicho. Ujumbe wa dakika 9 usio na mpango ni mzigo, ndiyo maana WhatsApp iliongeza uwezo wa kuharakisha sauti mwaka 2021 na wa kuigeuza maandishi mwishoni mwa 2024. Ni adabu kutaja mwanzoni jambo linalohusika, na kuuliza kwanza iwapo mwenzako yuko mahali anapoweza kusikiliza.

Picha hufaa pale ambapo maelezo yangekuwa marefu: ugonjwa wa majani ya mahindi, ufa kwenye ukuta, sehemu ya gari iliyovunjika. Inastahili kuandamana na maneno machache, na idhini ya kila anayeonekana ndani yake.

Waswahili husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Zamani neno lililoponyoka lilipotea hewani, na msemaji angeweza kukana. Siku hizi ulimi hurekodiwa, huhifadhiwa na husambazwa kwa watu ambao msemaji hakuwakusudia. Kwa sababu hiyo, anayetuma sauti yake au sura ya mwenzake anapaswa kuisikiliza au kuitazama mara moja zaidi kabla ya kubonyeza.

Lakini tahadhari hiyo isimfanye mtu anyamaze. Mama yule anayengoja habari kutoka Mombasa hahitaji mengi. Sekunde 3 za sauti ya mwanawe akisema amefika, huku honi za matatu zikisikika nyuma yake, zitamweleza kwamba ni mzima, kwamba yuko mjini, na kwamba amemkumbuka.